Wameumbwa au Wamezaliwa?

Kwa Kiingereza sentensi yenyewe ina maneno 35 tu. Inasema kwamba watu wote wameumbwa sawa, kwamba Muumba wao amewapa haki ambazo hakuna wa kuwapokonya, na kwamba miongoni mwa haki hizo kuna uhai, uhuru na kutafuta furaha. Iliandikwa Philadelphia mwaka wa 1776 na kupitishwa tarehe 4 Julai. Aliyeshika kalamu ni Thomas Jefferson, jamaa wa miaka 33 aliyekuwa amekodi vyumba viwili kwenye nyumba ya fundi wa matofali. Sidhani kuna sentensi ya siasa iliyokopwa kuliko hiyo, na kila anayeikopa huapa kwamba ilikuwa yake tangu mwanzo.

Mkopaji ninayetaka kumfuata hapa ni vuguvugu la Marekani linalopinga uavyaji mimba, wale wanaojiita watetezi wa uhai. Tangu 1974 wamekuwa wakiandamana Washington kila Januari, kwenye baridi ya kukata masikio, kwa sababu hukumu ya Roe dhidi ya Wade ilitolewa tarehe 22 Januari 1973. Kwenye hotuba zao utasikia Biblia, naam, lakini utamsikia na Jefferson.

Nataka kumfuata bila kejeli. Wengi wa marafiki zangu hapa Nairobi wakisikia mtu akitaja "haki ya uhai" wanazungusha macho na kurudi kwa simu zao, na mimi naona hoja hiyo ina uzito kuliko wanavyoipa. Halafu kuna hili: hoja ya aina hiyohiyo iko kwenye Katiba yetu, Kifungu cha 26, na kuna watu wamelipia maana yake kwa miili yao. Nitafika huko.

Hoja ni hii. Waasisi walitaja haki tatu, na ya kwanza ni uhai. Mpangilio huo, wanasema, haukuja kwa bahati, kwani maiti haina uhuru wala haitafuti furaha. Pia, waasisi walisema watu *wameumbwa* sawa. Hawakusema *wamezaliwa* sawa. Kama usawa unaanza pale mtu anapoumbwa, basi unaanza tumboni, na taifa linaloruhusu kiumbe huyo auawe limevunja ahadi yake lenyewe.

Ukiisoma kwa Kiswahili hoja inabana zaidi, maana sisi tuna neno *kiumbe*, na mtu hahitaji kuwa mwanatheolojia kusikia kuumba ndani yake. Na ni kweli kwamba maandishi mengine makubwa ya haki yalichagua kitenzi kingine. Katiba ya jimbo la Massachusetts ya 1780 inasema watu wanazaliwa huru na sawa. Wafaransa mwaka wa 1789 walisema wanazaliwa. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1948, lile tulilokaririshwa shuleni, linasema tumezaliwa. Jefferson alisema tumeumbwa. Kwa mtetezi wa uhai, nafasi kati ya vitenzi hivyo viwili ina upana wa miezi tisa.

Je, Jefferson alimaanisha hivyo? Hapana, na ukweli usemwe. Sehemu kubwa ya Azimio la Uhuru la Marekani ni orodha ya malalamiko dhidi ya Mfalme George III: kodi, majeshi, majaji. "Kuumbwa sawa" ilikuwa ngumi iliyoelekezwa kwa watu wanaodai kwamba Mungu aliwapa taji na kumpa mwingine jembe. Mimba haikuwa kwenye meza.

Sheria ya siku zile kuhusu mimba ilikuwepo, na ilitoka Uingereza. Kabla mama hajahisi mtoto akicheza tumboni, yaani karibu mwezi wa nne au wa tano, kuitoa mimba hakukuhesabiwa kuwa kosa. William Blackstone, mwanasheria ambaye vitabu vyake vilikuwa kama Biblia ya mawakili wa makoloni yale, aliandika kwamba uhai machoni pa sheria huanza pale mtoto anapoweza kusogea tumboni. James Wilson, mmoja wa waliotia sahihi Azimio lenyewe, na baadaye jaji wa Mahakama ya Juu, alifundisha jambo hilohilo mwanzoni mwa miaka ya 1790. Watetezi wa uhai humnukuu Wilson kwa sababu alisema sheria hulinda uhai tangu mwanzo wake. Wapinzani wao humnukuu Wilson huyohuyo kwa sababu mwanzo aliouweka ni pale mtoto anapocheza. Kila mtu anachukua nusu ya mkate.

Na kuna Benjamin Franklin. Mwaka wa 1748 alichapisha Philadelphia kitabu cha maarifa ya nyumbani: hesabu, mwandiko, dawa. Humo mna maelezo ya mitishamba ya msichana ambaye siku zake zimechelewa. Kila msomaji wa kike alijua kinachozungumzwa. Kitabu kiliuzwa kama vitabu vingine na sijasikia kwamba kuna aliyeandamana.

Basi kama ushahidi wa 1776 ni huu, mbona hoja haifi? Haifi kwa sababu watetezi wa uhai hawamhitaji Jefferson awe aliwaza habari ya mimba. Wanayemhitaji ni Lincoln.

Mwaka wa 1857 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru kwa sababu alikuwa ameishi na bwana wake kwenye maeneo yasiyoruhusu utumwa. Jaji Mkuu Roger Taney akasema watu weusi hawawezi kuwa raia, na kwamba waandishi wa Azimio hawakuwahesabu waliposema "watu wote." Kama swali lako ni Jefferson alikuwa anawaza nini, Taney hakuwa mbali sana na ukweli, ndio maana hukumu ile inatisha. Lincoln, wakati huo wakili wa Illinois asiye na cheo chochote cha serikali, alimjibu Juni mwaka huohuo mjini Springfield. Alikubali kwamba waasisi hawakuwafanya watu wote kuwa sawa siku ile. Hata uwezo huo hawakuwa nao. Waliweka kipimo, alisema kwa maana hiyo, kitu cha kutazamwa na kukaribiwa hata kama hakifikiwi, ili vizazi vya baadaye vikikumbuke. Miaka sita baadaye, kule Gettysburg, alihesabu miaka 87 nyuma na kuweka kuzaliwa kwa taifa mwaka wa 1776, mwaka wa sentensi, wala sio 1787, mwaka wa katiba iliyowavumilia wenye watumwa.

Kwa usomaji huo Azimio ni hundi ambayo anayeidai anaweza kuja baadaye. Frederick Douglass alikuwa ameshaidai Rochester tarehe 5 Julai 1852, akiwauliza wazungu waliomwalika sikukuu yao inamhusu vipi mtumwa. Elizabeth Cady Stanton na wenzake waliidai Seneca Falls mwaka wa 1848 kwa kuandika Azimio upya na kutia neno "wanawake" pale palipokuwa na wanaume peke yao. Martin Luther King aliidai mwaka wa 1963. Mtetezi wa uhai anapanga foleni nyuma ya hawa na kusema: zamu ya mwisho ni ya yule ambaye hajazaliwa. Roe ndiyo Dred Scott yetu, mahakama nyingine imemtazama binadamu na kusema sio mtu.

Ronald Reagan aliandika hivyo karibu neno kwa neno mwaka wa 1983, akiwa rais, kwenye insha ya kuadhimisha miaka kumi ya Roe. Wasichopenda wafuasi wake kukumbuka ni kwamba mwaka wa 1967, akiwa gavana wa California, ni yeye aliyetia sahihi sheria iliyolegeza masharti ya kuavya mimba jimboni humo. Na makanisa? Wakatoliki walipinga tangu mwanzo, hilo halina ubishi. Lakini Wabaptisti wa Kusini, ambao leo ndio uti wa mgongo wa vuguvugu, walipitisha azimio mwaka wa 1971 wakitaka sheria iruhusu kuavya mimba kwa sababu kama ubakaji na madhara kwa afya ya mama, pamoja na afya ya akili. Enyewe mambo hubadilika. Kwa macho yangu hilo halifanyi imani yao kuwa uongo. Linaonyesha tu kwamba huu mnyororo wa kutoka 1776 hadi leo ulifuliwa juzi, na unaweza kuwataja mafundi.

Hapa kwenye ulinganisho na utumwa ndipo mambo yanachacha.

Jefferson alipokuwa akiandika vyumbani kwake Philadelphia, alikuwa na mvulana wa miaka 14 wa kumtumikia. Aliitwa Robert Hemings. Alikuwa mtumwa wa Jefferson na, wakati huohuo, shemeji yake: baba yake Robert ndiye baba wa mke wa Jefferson. Kwa nini basi binti akawa bibi wa nyumba na mwana akawa mali ya nyumba? Kwa sababu ya sheria ya Virginia ya 1662 iliyosema mtoto afuate hali ya mama. Mama yake Robert, Elizabeth Hemings, alikuwa mtumwa. Robert alikuwa mtumwa kabla hajazaliwa, kabla hajacheza tumboni.

Na wosia za enzi hizo zilirithisha wanawake pamoja na "ongezeko" lao la baadaye, yaani watoto ambao mimba zao hazijatungwa. Jefferson, akiwa rais, alitia sahihi sheria ya kuzuia watumwa wapya kuingizwa nchini kuanzia 1808, jambo ambalo lilipandisha bei ya kila tumbo lililokuwa tayari ndani. Mwaka wa 1820 aliandika kwenye barua kwamba mwanamke anayezaa mtoto kila baada ya miaka miwili ana faida kuliko mwanamume aliye bora shambani. Huyuhuyu wa "wameumbwa sawa." Madaktari wa Kusini waliandika wakilalamika kwamba wanawake watumwa wanatafuna mizizi ya mpamba ili wasizae. Ukitaka kujua mwanamke yule alikuwa anakataa nini, soma tena barua ya Jefferson.

Kwa hiyo shamba la watumwa linatoa ushahidi kwa pande zote mbili. Mtetezi wa uhai analitazama na kuona kiumbe aliyenyimwa utu na sheria kwa sababu kuna mtu mwingine mwenye nguvu juu yake. Mimi nalitazama na kumwona mwanamke ambaye serikali imeandika sheria juu ya tumbo lake na kumwambia kilichomo sio chake kuamua. Sote tunatazama picha moja.

Watu weusi wa Marekani waliyajua haya kabla yangu, na hawakukubaliana. Fannie Lou Hamer, mwanaharakati wa Mississippi aliyepigwa hadi kuachwa na ulemavu kwa kudai kura, alipinga uavyaji mimba maisha yake yote na kuuita mpango wa kuwamaliza weusi. Kabla hujambeza, jua kwamba mwaka wa 1961 aliingia hospitali kuondolewa uvimbe na akatoka bila kizazi, bila kuulizwa. Jesse Jackson, mwaka wa 1977, aliandika kwamba hoja ya faragha iliyobeba Roe ni ndugu ya hoja ya wenye mashamba, waliosema wanachowafanyia watumwa wao ni mambo yao binafsi. Alipowania urais mwaka wa 1984 alikuwa ameacha msimamo huo. Wapo wanaosema alisoma upepo tu. Huenda. Ila hoja yake ya 1977 haikujibika kwa sababu mwenyewe aliihama.

Nina binamu yangu anayefundisha katekisimu kwenye parokia yao huko Kitengela, na ndiye mtu ninayependa kubishana naye kuliko wote kwa sababu hapandishi sauti. Nilimwambia juzi kwamba tofauti ya Douglass na kijusi ni kwamba Douglass alishika kalamu mwenyewe. Kila kundi lililoingia kwenye ile sentensi lilijiingiza kwa mdomo wake. Huyu wa tumboni anasemewa, na anayemsemea mara nyingi hajawahi kubeba mimba.

"Sawa," akaniambia. "Na mtoto wa siku moja, yeye anashika kalamu?"

Nikamjibu kwamba mtoto wa siku moja naweza kumbeba mimi, anaweza kumbeba yeye, anaweza kubebwa hata na baba mtakatifu. Wa wiki sita anabebwa na mtu mmoja tu duniani.

"Ndio maana anamhitaji huyo mmoja," akasema, akaniongezea chai. Mpaka leo mazungumzo yako hapo.

Tarehe 24 Juni 2022, siku kumi kabla ya sherehe za Julai, majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliifuta Roe katika kesi ya Dobbs. Ungetarajia Azimio litawale hukumu hiyo. Wapi! Jaji Samuel Alito aliuliza swali la kihistoria zaidi na la kibahili zaidi: je, haki ya kuavya mimba ina mizizi mirefu katika historia ya taifa hili? Akahesabu sheria za majimbo za mwaka wa 1868, akajibu hapana. Majaji watatu waliopinga walikumbusha kwamba mwaka wa 1868 wanawake hawakuwa na kura, hawakuandika neno hata moja la sheria hizo, na wangesubiri hadi 1920.

Dobbs haikusema kijusi ni mtu. Ilisema kila jimbo liamue. Hapa ndipo mkopaji wetu alipojikuta pabaya, maana Lincoln, babu wa hoja yake yote, alijijengea jina kwa kukataa jambo hilohilo. Mpinzani wake Stephen Douglas ndiye aliyekuwa akisema utumwa uachiwe wakazi wa kila eneo wapige kura. Lincoln akajibu kwamba kama jambo ni ovu huwezi kulipigia kura. Watetezi wa uhai waliokuwa wakweli kwa hoja yao waliliona tatizo mara moja. Donald Trump aliposema Aprili 2024 kwamba suala libaki kwa majimbo, aliyekuwa makamu wake, Mike Pence, alimpinga hadharani. Pence alikuwa anasimama na Lincoln, na Trump, sijui kama anajua, na Douglas.

Kura za kwanza baada ya Dobbs zilipigwa wapi? Kansas, lile eneo ambalo katika miaka ya 1850 watu waliuana kwa sababu ya mpango wa Douglas. Kansas ilipoandika katiba yake mwaka wa 1859, ikitaka kuwa jimbo lisilo na utumwa, ilichukua maneno ya Jefferson na kuyaweka kwenye kipengele cha kwanza kabisa cha orodha ya haki: uhai, uhuru, kutafuta furaha. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ya Kansas ilikisoma kipengele hicho na kusema kinampa mwanamke haki ya kuamua juu ya mwili wake, ikiwemo kuavya mimba. Maneno yaleyale ya Azimio! Watetezi wa uhai wakaomba katiba ibadilishwe ili hukumu hiyo ife. Tarehe 2 Agosti 2022, wananchi wa Kansas, jimbo la wakulima na makanisa lililompigia Trump kura mara mbili, waliwakatalia kwa takriban asilimia 59.

Sisi je? Hatuna sentensi kama ile. Uhuru wetu ulijadiliwa Lancaster House, London, na katiba ya 1963 inasomeka kama mkataba wa kupangisha nyumba. Waliokufa msituni walidai ardhi na uhuru. Uhai, kama haki ya kuandikwa, ulikuja na mawakili.

Hilo halina maana kwamba mimba haikuwa siasa hapa. Mwanahistoria Lynn Thomas ameeleza jinsi maofisa wa Kiingereza kule Meru, baada ya Vita vya Kwanza, walivyohofia kwamba watu ni wachache mno, na kwamba wasichana wanaopata mimba kabla ya kutahiriwa wanalazimika kuzitoa kwa sababu mila haikubali mtoto wa asiyetahiriwa. Suluhisho lao? Wakahimiza wasichana watahiriwe mapema, kabla ya kubaleghe, ili wakishika mimba izaliwe. Serikali hiyohiyo ambayo kwingineko wamisionari waliisukuma ipige vita tohara ya wasichana! Soma mara mbili kama mimi. Kisha zikaja sheria za adhabu za 1930, na vifungu vya 158 hadi 160 kuhusu kuavya mimba, mtoa mimba miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka saba, vilivyochotwa kwenye sheria ya Uingereza ya 1861. Uingereza ililegeza yake mwaka wa 1967. Yetu bado iko kitabuni.

Mwaka wa 1984 sentensi ya Jefferson ilifika kwetu kwa njia ya pesa. Serikali ya Reagan ilitangaza, kwenye mkutano wa idadi ya watu huko Mexico City, kwamba shirika lolote la nje linalotoa au kutetea uavyaji mimba halitapata msaada wa Marekani wa upangaji uzazi, hata kama kazi hiyo linaifanya kwa hela zake lenyewe. Clinton aliifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha 2025. Baada ya 2001, mashirika ya Kenya yaliyokataa kutia sahihi yalifunga kliniki. Walioipata ni akina mama waliofuata sindano za kupanga uzazi, chanjo za watoto, vipimo vya saratani. Hakuna aliyewauliza waliumbwa au walizaliwa.

Halafu 2010. Kwenye mivutano ya rasimu, makanisa yalidai Katiba mpya iseme wazi uhai unaanza lini, na yakapata: Kifungu cha 26(2) kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Ni kifungu ambacho watetezi wa uhai wa Marekani wameota tangu 1973 bila kukipata kwenye katiba ya nchi yao. Lakini wataalamu waliweka pia 26(4), kwamba kuavya mimba hakuruhusiwi *isipokuwa* mhudumu wa afya aliyefunzwa aone kuna dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Kwa ajili ya hiyo "isipokuwa," makanisa yaliongoza kampeni ya La. American Center for Law and Justice, shirika la mawakili Wakristo la Marekani, lilianzisha taasisi dada hapa Nairobi mwaka huohuo, na wabunge wa Marekani wanaopinga uavyaji mimba wakapiga kelele Washington kwamba pesa za walipa kodi wao zinasaidia Ndiyo. Sitaki kusema maaskofu wetu walitumwa na Wamarekani. Hilo ni tusi kwa watu waliokuwa na imani hiyo kabla Reagan hajaiona. Walipata wenza tu. Tarehe 4 Agosti Wakenya, takriban theluthi mbili, walisema Ndiyo.

Kwa hiyo tuna kile ambacho Marekani haina: jibu la maandishi kuhusu mtu anaanza lini, na sentensi mbili mbele, kibali cha mama kuokolewa. Nikisoma 26 yote kwa pamoja naona Wakenya waliokataa kuchagua mmoja kati ya wawili, na naiheshimu kwa hilo. Ila Kanuni ya Adhabu haikuguswa, na kati ya Katiba na Kanuni kuna muuguzi kwenye zahanati ambaye hajui kama akimsaidia mgonjwa ataamkia kazini au rumande. Mwaka wa 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kumwelekeza. Desemba 2013 ikauondoa, na miezi michache baadaye ikapiga marufuku mafunzo yenyewe.

Baada ya mwongozo kuondolewa, msichana mmoja, bado mtoto kisheria, alibakwa akapata mimba. Alitolewa mimba kichochoro, akavuja damu, akazungushwa hospitali moja hadi nyingine, figo zikafeli. Mamake akaenda mahakamani pamoja na mawakili wa FIDA. Majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondoa mwongozo kulikiuka haki za wanawake, na kwamba mimba ya ubakaji inaweza kutolewa kisheria ikiwa mhudumu wa afya aliyefunzwa ataona uhai au afya ya mama, pamoja na afya ya akili, iko hatarini. Hukumu ilisomwa Juni 2019. Msichana alikuwa amefariki Juni 2018.